Kichwa Chenye Wake Wengi

Serikali ya mkoloni ilikuwa na vidole gumba vyetu vyote. Kila mwanamume aliyetembea Nakuru miaka hiyo ya hamsini alikuwa amebonyeza dole lake kwenye wino, na alama yake ililala ndani ya kabati la chuma ikisubiri siku mwenyewe atakapoiba au atakapokufa. Ulikuwa mpango mzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mtu akikaa ardhini muda mrefu, dole huoza, na kinachobaki ni fuvu, ambalo halijawahi kubonyezwa kwenye wino wa ofisi yoyote.

Fuvu ninalotaka kulisimulia lilipatikana Kikopey, upande wa Gilgil. Leo wasafiri husimama hapo kula nyama choma, na wajukuu wangu wakinipeleka Nairobi hawakosi kuomba tusimame na sisi. Huwa nawaambia meno yananiuma. Miaka hiyo hapakuwa na choma wala moshi, palikuwa na vibarua wakichimba kokoto ya barabara, na mmoja wao akaligonga kwa sululu. Kulikuwa na mifupa mingine kidogo, ile ambayo fisi hawakuitamani. Vibarua walikimbia, maana watu wetu hawagusi maiti, na msimamizi wao akapeleka habari polisi.

Lazima nieleze ilikuwa miaka gani. Hali ya Hatari ilikuwa imetukalia hadi tukaizoea, kama mgeni asiyejua kuaga. Sisi Wakikuyu tulikuwa tukipangwa mistari uwanjani, na mtu aliyevikwa gunia kichwani, gunia lenye matundu mawili ya macho, anapitishwa mbele yetu. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwenda. Serikali ilijitahidi sana mtu huyo asionekane sura. Basi waweza kuelewa mshangao wetu tuliposikia kwamba Serikali hiyohiyo imepata mtu asiye na sura, na inataka kumtengenezea.

Nyumbani kwetu habari hiyo haikuwa ya mzaha. Baba yangu alikuwa fundi viatu. Alifanya kazi kwenye baraza la duka la Mhindi, misumari midogo ameibana kwa meno ya mbele, akiitoa mmoja mmoja kama anayetema mbegu. Kwa sababu hiyo jino lake moja la juu lilikuwa limelika ncha, pakawa na kijishimo cha kutosha msumari kulala. Mama alikuwa akimtania kwamba Mungu alimpa meno ya kulia chakula, yeye ameyafanya sanduku la vifaa. Mwezi ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, baba alitia ndani ya gunia buti alizokuwa amezitengeneza, akapanda lori la viazi kuzipeleka kwa wenyewe huko Gilgil. Hakurudi.

Mama alikwenda kuripoti. Aliulizwa maswali mengi, yote yakitafuta jibu moja. Mwanamume wa Kikuyu asiyekuwa nyumbani alikuwa msituni na Mau Mau, na aliyekuwa msituni alikuwa adui, na mke wa adui ni nani? Hesabu ilijimaliza yenyewe. Tangu hapo akawa anaitwa kila wiki kwenye baraza la ofisi ya DO, Mzungu mtawala wa tarafa yetu, aeleze mume wake yuko wapi, na kila wiki hakujua, na kila wiki walishangaa. Nyumba ya halmashauri tuliyokaa mtaa wa Bondeni ilikuwa kwa jina la baba. Mwishowe tukaambiwa kwamba baba asipopatikana, akiwa hai au amekufa, tutapakiwa kwenye lori na kurudishwa kwetu rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu. Mama alizaliwa Bahati, kwenye shamba la Mzungu. Mimi nilizaliwa Bondeni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona rizavu hiyo hata kwa mbali. Kumrudisha mtu mahali ambapo hajawahi kufika ni kipaji, na Serikali yetu ilijaliwa kipaji hicho.

Kwa hiyo mama alihitaji kitu kimoja tu: mume aliyekufa, tena aliyekufa mapema, kabla hajapata nafasi ya kuingia msituni. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alimpenda baba sana, na ilimbidi aombe awe ni maiti. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikishona vifungo kwa fundi cherehani wa Kihindi, na sikuweza kumsikiliza akisali.

Sasa nije kwa daktari. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mwenye mikono safi sana, na alikuwa amesoma kitabu cha Ulaya kilichoeleza jinsi ya kurudisha nyama juu ya mfupa. Haya tuliyapata kwa mpishi wake, Mluhya mmoja mcheshi aliyenunua mboga kwa mama sokoni, na ambaye tumbo lake halikuwa na nafasi ya siri. Alituambia daktari amekata njiti za kibiriti kwa vipimo mbalimbali akazigandisha juu ya fuvu, fupi kwenye paji la uso, ndefu kwenye mashavu, ili zimwonyeshe nyama ilikuwa nene kiasi gani. Kisha akawa anajaza udongo wa mfinyanzi mpaka ncha za njiti zifunikwe. Vipimo vyenyewe vilichukuliwa kwa maiti za Ulaya, watu walioshiba siagi, lakini daktari aliamini kwamba shavu ni shavu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka kwenye pua. Fuvu halina pua, lina shimo. Halina midomo wala masikio pia, na kitabu hakikusema lolote juu ya pua za watu wa Nakuru. Daktari akatazama huku na huku akitafuta Mwafrika wa kumwigiza, na Mwafrika aliyekuwa karibu alikuwa akileta chai. Mpishi akaambiwa aweke sinia chini, akae kwenye kiti, atazame mbele. Alikaa hivyo kila alasiri, chakula kikiungua jikoni, mpaka pua yake na midomo yake vikahamia kwa marehemu. Macho yalitoka dukani, gololi mbili za watoto zenye mstari wa kijani ndani. Masikio yalitobolewa ndewe kubwa kama za wazee wa zamani, kwa kuwa daktari alikuwa ameziona kwenye picha akazipenda. Mdomo ukafungwa kabisa. Daktari alisema marehemu anayechekacheka hana heshima.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kichwa kilipokuwa tayari kililetwa kwenye baraza la ofisi ya DO, kikawekwa ndani ya kabati la wavu, lile la kuhifadhia nyama, ili nzi na vidole vya watoto visikifikie. Bondeni nzima ikaamriwa kupita mbele yake. Askari alikuwa akiuliza kila mtu kama anamjua huyu, na karani akichukua alama ya dole gumba chini ya jibu.

Jibu lilikuwa moja kuanzia asubuhi hadi ofisi ilipofungwa. Simjui. Mzee simjui, mama simjui, kijana simjui. Hapo ndipo elimu ya daktari ilipokutana na elimu yetu. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumefundishwa, kwa bakora, kwamba kumjua mtu ni kosa. Ukimjua mtu utaulizwa mlijuana vipi, mlikula nini pamoja, mlikula kiapo gani. Mtu angeweza kuwekewa mama yake mzazi ndani ya lile kabati na bado aseme hamjui. Tena kulikuwa na tatizo jingine, kwamba wote tulimjua. Alikuwa mpishi wa daktari. Watu walikuwa wakitazama kichwa, wakitazamana, wakiuma midomo ili wasicheke mbele ya askari. Mpishi mwenyewe alipangwa mstari kama wengine. Alisimama mbele ya sura yake, akaitazama kwa huzuni, akasema hamjui.

Mama alipofika zamu yake alikitazama kuliko mtu yeyote. Alizunguka kabati, akainama, akatafuta. Alitafuta masikio ya baba, ambayo hayakutobolewa kamwe kwa sababu alilelewa misheni, akakuta ndewe. Alitafuta macho akakuta gololi. Kisha akasema hamjui, akabonyeza dole, na nadhani katika Bondeni nzima ni yeye peke yake aliyesema kweli siku hiyo. Nilimwona akishuka ngazi kwa mwendo wa mtu aliyenyimwa.

DO hakupendezwa. Alikuwa kijana, mwekundu wa jua, mwenye haraka ya kumaliza mambo. Akaitisha baraza, akatueleza kwa kile Kiswahili cha mashambani, kile cha kuamrishia ng'ombe na watu kwa pamoja, kwamba daktari ameipima ile mifupa na kuona mtu huyu alikufa mwanzoni kabisa mwa matata. Kwa hiyo hakuwa msituni. Jamaa zake wasiogope. Mke wake akijitokeza ataandikwa mjane, atapewa pasi ya kukaa alipo, na hatasumbuliwa tena na mtu.

Mwenye macho haambiwi tazama. Wiki iliyofuata kichwa kilichokuwa hakijulikani na mtu kikawa mume wa kila mtu. Wake walitoka Bahati, walitoka Subukia, walitoka Njoro na Elburgon, wengine na watoto, wengine na mama wakwe. Walijaa barazani wakilia kwa zamu. Mmoja alimtambua kwa masikio. Mwingine aliapa kwamba macho yale hawezi kuyasahau, na macho yalikuwa gololi. Mpishi wa daktari aliacha kupita sokoni, kwa sababu kila alikopita watu walimpa pole kwa wajane aliowaacha. Daktari alifurahi mno. Aliona elimu yake imefaulu kupita kiasi, akapiga picha akiwa amesimama kando ya kabati, mkono kiunoni.

Nilimwambia mama naye aende. Nilimwambia lori linakuja mwisho wa mwezi, na kwamba udongo haulalamiki ukisingiziwa ndoa. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, wa kiti cha mbele, na kiburi chake chote kilikuwa kwenye kidole. Wengi wa rika lake waliolewa kwa mbuzi, wakashiriki mume. Yeye aliolewa kwa pete, peke yake, mbele ya madhabahu, na alivaa pete hiyo hata akiwa anang'oa magugu. Alinijibu kwamba mtu aliyefunga ndoa takatifu haendi kugombea kichwa cha mpishi kwenye foleni ya waongo. Kisha akaendelea kupanga vitunguu vyake.

DO aliwasikiliza wake wote, akachoka, akachagua. Aliyemchagua alikuwa mama mmoja kutoka Bahati, mke wa mchoma makaa aliyetoweka kama baba, mwenye watoto wadogo na mmoja mgongoni. Walisema alichaguliwa kwa sababu alilia vizuri kuliko wengine. Mimi nilimwona siku ile, na nilimchukia kwa jinsi alivyolia, kwa sababu kilio kilikuwa cha kweli na mume hakuwa wa kweli. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati huo. Ikaandikwa kwamba marehemu ni wake, na akaambiwa arudi kuchukua mifupa akazike.

Daktari alijua mengi, lakini udongo wa mfinyanzi una tabia zake. Unataka kukauka polepole, kivulini, umefunikwa. Yeye aliuweka barazani Januari, upepo wa Nakuru ukivuta vumbi jeupe la ziwa, ukapasuka kama kisigino cha mkulima. Siku mama alipokuwa na zamu yake ya kila wiki ya kutojua mumewe yuko wapi, nilimsindikiza. Tuliketi kwenye benchi. Yule mama wa Bahati alikuwa ameketi upande wa pili na watoto wake, amekuja na shuka la kufungia mifupa. Hatukusalimiana. Kabati lilikuwa mbele yetu, na bila mtu kuligusa, kidevu cha udongo kikakatika, kikaanguka ndani ya kabati na kuvunjika.

Mdomo ambao daktari aliufunga kwa heshima ukawa wazi. Mama aliinuka. Alisogea mpaka pua yake ikagusa wavu. Niliposimama kando yake niliona meno ya juu, meupe kuliko udongo, na moja la mbele lilikuwa na kijishimo kwenye ncha.

"Huyo ni baba yako," mama akaniambia.

Hakulia. Alisema kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mtoto. Mimi ndiye niliyeshika nguzo ya baraza, kwa sababu sura ile ya mpishi, ambayo nilikuwa nimeicheka nyumbani na sokoni na kwa fundi cherehani, ilikuwa imemfunika baba yangu muda wote huo. Siku zote hizo nilikuwa nimemcheka.

Mama akamwambia karani kwamba ana neno, na DO akatoka, daktari nyuma yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na dole la mama lilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Wewe mama, mbele wewe nasema hapana jua hii kichwa," DO akasema. "Sasa wewe najua. Kitu gani hii?"

Mama akasema ni mume wake. DO akamgeukia yule mama wa Bahati, kisha akamrudia mama yangu, na uso wake ukachangamka, uso wa mtu aliyenasa mwizi. Akauliza kama huyu mwingine basi ni mwongo.

Hapo kila kitu kilikuwa mkononi mwa mama. Angeonyesha jino. Angeeleza misumari, na Mhindi mwenye duka angeitwa athibitishe, na nyumba yetu, na pasi, na baba, vyote vingekuwa vyetu kabla ya chakula cha mchana. Yule mwanamke wa Bahati alilijua hilo. Alikuwa amemwona mama akitazama meno, na alielewa, kama mwanamke yeyote angeelewa, kwamba mwenyewe amefika. Alilivuta lile shuka, akamfunika nalo mtoto wa mgongoni, akasubiri. Kumdanganya DO miaka hiyo ilikuwa jela, na watoto wangepakiwa kwenye lori bila mama.

Nilitaka aseme ndiyo. Naandika hili wazi. Nilitaka kwa moyo wangu wote mama aseme ndiyo, ni mwongo, mfungeni.

Mama aliizungusha pete kwenye kidole. Kisha akaivua, akaitia kwenye kona ya leso yake, akafunga fundo.

"Si mwongo, Bwana," akasema. "Huyu ni mke mwenzangu. Yeye ndiye mkubwa, mimi ni mdogo. Nilisema simjui kwa sababu ya wivu tu."

Nilingoja mbingu ianguke. Badala yake DO alicheka. Alicheka kwa raha, akamweleza daktari kwa Kiingereza, na daktari naye akacheka, kwa sababu hatimaye wenyeji walikuwa wamefanya jambo ambalo wote wawili walikuwa wameambiwa kuwa wenyeji hufanya. Wake wawili, wivu, ugomvi juu ya maiti. Ilieleweka mara moja, na haikuhitaji ushahidi. Nadhani kweli ingewachukua wiki nzima kuiamini, lakini uongo ule waliukubali wakiwa wamesimama. Karani akaandika wajane wawili, mkubwa na mdogo, na marehemu akampa majina mawili, moja la nyumbani na moja la ubatizo, akachukua madole, na tukapewa pasi siku hiyohiyo. Mama yangu, aliyeolewa kwanza na peke yake, akashuka ngazi zile akiwa mke wa pili wa mume wake mwenyewe.

Tulibeba mifupa ndani ya shuka la yule mama wa Bahati hadi Bondeni. Njiani yule mwanamke alikuwa akijaribu kushukuru na mama akimkatiza, akimwambia aangalie watoto barabarani. Tulipofika, mama aliteka maji kwenye karai, akakaa chini uani, akaanza kumwosha baba uso. Mila zetu hazitaki mtu aguse maiti, na majirani walifunga milango. Yule mwanamke aliwaacha watoto wake kwangu, akakunja mikono ya gauni, akakaa upande wa pili wa karai. Udongo ulilainika. Ndewe zilitoka, mashavu ya siagi yakatoka, pua ya mpishi ikayeyuka. Zile gololi mbili waliwapa watoto, ambao walizicheza papo hapo ukutani.

Kwenye kisogo udongo ulikuwa umeshindiliwa sana, kwa sababu daktari alipitishia hapo kijiti cha kusimamisha kichwa. Mama alipouzibua wote, tuliona kwamba kijiti kile hakikuhitaji kutobolewa njia. Shimo lilikuwepo. Lilikuwa la mviringo, dogo, lenye ukingo safi. Daktari alikuwa amelishika kwa mikono yake siku hizo zote, akapima mashavu, akatafuta pua, akanunua macho, na lile shimo alilipenda kwa sababu lilimrahisishia kazi. Hakuna aliyewahi kutuuliza tunafikiri nani alimpiga baba risasi, na sisi hatukuwa wajinga wa kuuliza. Mpaka leo sijui ni nani. Hasira ninayo, lakini sina mtu wa kumpa.

Usidhani uongo ule ulikuwa wa bure. Habari zilimfikia mchungaji kabla hatujamaliza kukausha mifupa. Akaja, akasimama mlangoni, akasema amehuzunika sana kugundua kwamba marehemu, aliyembatiza kwa mkono wake, alikuwa akiishi na wake wawili. Kanisa halimziki mtu wa namna hiyo. Na mama, kwa kukiri hadharani kwamba ni mke wa pili, alikuwa ametengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Kutubu kulikuwa rahisi, alisema. Angesimama tu mbele ya watu aseme ukweli.

Ukweli huo ungefika kwa DO kabla ya baraka za mwisho. Mama akamshukuru mchungaji kwa kuja, akamkaribisha uji, akakataa kutubu. Baba alizikwa bila sala, kwenye makaburi ya pembeni mwa mji, mimi na wajane wawili na mpishi wa daktari, ambaye alikuja amevaa koti jeusi na kusema kwamba kwa ule ujirani wa pua aliona ni haki yake. Yule mama wa Bahati ndiye aliyeanzisha wimbo.

Tangu hapo mama akawa wa benchi la nyuma. Alikaa huko na walevi na wasichana waliozaa nyumbani, kila Jumapili, akipitwa na mkate na divai, mpaka Uhuru ukaja, na mchungaji yule akahamishwa, na mpya akamwambia asogee mbele, na mama akasema ameshazoea. Pete ilibaki kwenye fundo la leso. Waliomwosha baada ya kufa waliikuta humo.

Yule mwanamke nikaanza kumwita mama mkubwa. Mwanzoni nilimwita hivyo kwa kejeli, na kejeli ikichakaa hubaki desturi. Alipata kazi ya kuchuma pareto, akalea watoto wake palepale Bahati bila mtu kuwasumbua. Kila mwaka alikuja kupalilia kaburi la baba, na kila mwaka alilia kuliko mama. Jambo hilo liliniudhi. Nilimwambia mama kwamba mtu aliyempata mume kwenye kabati la nyama hana haki ya kumlilia hivyo, tena mbele ya mwenyewe.

"Muache," mama akasema. "Mume wake hakuna aliyemtengenezea sura."

Sikulitia maanani. Nilikuwa bado na hasira ya ile pete, na niliona mama amekuwa mpole kupita kiasi. Mchoma makaa hakurudi kutoka msituni wala kutoka kizuizini, wala hakuna kibarua aliyempata kwa sululu mahali popote.

Tulipomzika mama kando ya baba, mama mkubwa aliletwa na wanawe, mzee sana, macho yamefunga ukungu. Watu walipomaliza kutupa udongo aliomba aongozwe kwenye kaburi la pili, la baba. Akainama juu yake, akaweka kiganja, akamsalimia aliyelala humo kwa jina. Halikuwa jina la baba. Akamwambia watoto wote wamesoma, yule wa mgongoni naye sasa ana watoto wake, na kwamba mke mwenzake amefika leo, asimwonee haya, ni mtu mzuri. Nilisubiri mpaka amalize kuongea na mume wake, kisha nikamshika mkono nikamsaidia kuinuka.